Pembe nane, ukubwa mbili: kufundisha mahusiano ya pembe bila kukaririsha orodha

Fungua daftari la hisabati la mwanafunzi wa darasa la sita au la saba kwenye mada ya pembe na mara nyingi utakuta orodha. Pembe mkabala ni sawa. Pembe mbadala ni sawa. Pembe zilizo kwenye mstari mnyoofu jumla yake ni nyuzi 180. Pembe za ndani za upande mmoja, nyuzi 180. Pembe za pembetatu, nyuzi 180. Pembe ya nje ya pembetatu ni sawa na jumla ya zile mbili za ndani zilizo mbali nayo. Kila sentensi imepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu, na chini yake kuna mchoro mmoja: mistari miwili imelala, wa tatu umeikatiza mshazari.

Orodha hiyo haina kosa. Ubaya wake ni kumfanya mtoto aone kanuni sita zisizojuana, kila moja ikidai kukaririwa peke yake, ilhali zote zimetoka kwenye mambo mawili tu: kugeuka na usambamba. Aliyeyashika hayo mawili anaweza kuisahau orodha yote usiku wa kuamkia mtihani, akaiandika upya asubuhi kwa kufikiri. Aliyeshika orodha akisahau mstari mmoja, basi tena.

Tuanze na kugeuka. Chora pembe mbili za nyuzi 40, moja kwa mistari ya sentimita 3, nyingine kwa mistari ya sentimita 12, kisha uliza ipi kubwa. Wengi watakuonyesha ya mistari mirefu. Si uzembe. Ameambiwa pembe ni mahali mistari miwili inapokutana, na kinachoonekana pale ni mistari, basi anapima mistari. Maelezo tuliyompa ndiyo yaliyomtuma huko.

Watoto wetu wanajua kugeuka tangu wakiwa wadogo, kwa sababu ya gwaride. "Kulia geuka!" ni robo ya mzunguko. "Nyuma geuka!" ni nusu. Ukipiga kulia geuka mara nne umerudi ulikokuwa unatazama. Toa darasa nje, wapange mistari, toa amri zenyewe, kisha uliza: aliye mrefu kageuka zaidi ya mfupi? Aliyenyoosha mikono kageuka zaidi ya aliyeikunja? Hapo pembe inakuwa kiasi cha kugeuka kutoka mwelekeo mmoja hadi mwingine, na urefu wa mistari unakosa kazi. Baadaye ndipo useme robo ni nyuzi 90, nusu 180, mzunguko mzima 360.

Namba 360 yenyewe ni makubaliano ya watu. Wababeli wa kale walihesabu kwa makundi ya 60, wanajimu wa Ugiriki wakaurithi mtindo huo kutoka kwao, na sisi tumeupokea kutoka kwa hao. Euclid, aliyeandika misingi ya jiometri yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, hakutumia nyuzi katika hoja zake. Alisema "pembe mraba mbili" pale sisi tunaposema 180. Ni vizuri mtoto alijue hili mapema. Namba zingeweza kuwa nyingine, lakini kwamba mstari mnyoofu ni nusu ya mzunguko hakuna kikao kinachoweza kulibadilisha.

Kuhusu kipimapembe nitasema moja tu. Kina safu mbili za namba, moja ikipanda kutoka kulia, nyingine kutoka kushoto, na kosa la kila siku ni kusoma 130 mahali pa 50. Dawa ni kukadiria kwanza. Kabla chombo hakijagusa karatasi, mtoto aseme: imefika pembe mraba au haijafika? Aliyekwisha kusema haijafika hataandika 130 kwa urahisi.

Makutano ya mistari miwili

Sasa katiza mistari miwili. Zimetokea pembe nne kuzunguka nukta moja. Usizitaje majina. Sema tu kwamba moja ni nyuzi 50, uliza jirani yake ni ngapi. Kwa kuwa hizo mbili zimelala juu ya mstari mmoja mnyoofu, ni nusu ya mzunguko, kwa hiyo jirani ni 130. Na jirani wa huyo jirani? Naye yuko kwenye mstari mnyoofu pamoja na 130, kwa hiyo ni 50. Imetokea kwamba pembe mbili zinazotazamana ni sawa.

Wengi huishia hapo, na naona hapo ndipo pa kukaza. Uliza: ile ya kwanza ingekuwa 51? Ingekuwa 89? Ingekuwa namba unayoifahamu wewe peke yako hutaki kunitajia? Watoto watajibu kwamba haijalishi, kwa sababu unaitoa kwenye 180 mara mbili. Huo ni uthibitisho. Ukiandika a + b = 180 na b + c = 180, kwa hiyo a = c, umeandika tu kile walichokwisha kukisema kwa mdomo. Mapokeo ya Wagiriki yanasema wa kwanza kuligundua hili ni Thales wa Mileto, karne ya 6 kabla ya Kristo. Kwa Euclid ni hoja ya 15 ya kitabu cha kwanza. Mtoto wa miaka 12 anayelifikia mwenyewe ubaoni anastahili kuambiwa yuko kwenye mazungumzo ya zamani kiasi hicho.

Kwa hiyo makutano ya mistari miwili yana pembe nne lakini ukubwa mbili tu: mdogo na mkubwa, nao wakijumlishwa ni 180. (Mistari ikikutana kwa pembe mraba zote nne ni 90, na hakuna mdogo wala mkubwa.) Hakikisha hili limekaa kabla ya kuleta mstari wa tatu.

Kuleta mstari wa tatu

Hapa ndipo majina yanapomwagika: mbadala za ndani, mbadala za nje, za nafasi moja, za ndani upande mmoja. Ningeyaahirisha kwa kipindi kizima.

Badala yake, chora mistari miwili sambamba na mmoja unaoikatiza. Mpe kila mtoto kipande cha nailoni inayoonyesha, kama ile ya kufunikia madaftari, na kalamu ya wino mzito. Afuatishe makutano ya juu kwenye nailoni, kisha aitelezeshe nailoni kufuata mstari mkatizo, bila kuizungusha, mpaka ifike makutano ya chini. Inakaa sawasawa. Makutano ya chini ni yale yale ya juu yaliyohamishwa.

Usambamba, kwa lugha ya kugeuka, ni huo: mistari miwili yenye mwelekeo mmoja, kwa hiyo ukisimama juu ya mkatizo unageuka kiasi kile kile kuifuata wa juu au wa chini. Pembe sasa ni nane, na ukubwa bado ni mbili. Ukijua moja umezijua zote.

Mpe mtoto kazi ya kuchukua pembe mbili zozote kati ya hizo nane na kusema uhusiano wake. Jozi ziko 28. Kati yake 12 ni za pembe zilizo sawa, na 16 ni za pembe zinazofikisha 180. Hakuna jozi ya aina ya tatu. Swali lolote kuhusu mchoro huu lina majibu mawili ya kuchagua: sawa, au zinajazana kufika 180. Ukitaka kujua ni lipi, angalia kwa jicho kama zote mbili ni kali au butu, au kama moja ni kali na nyingine butu.

Hesabu hiyo ina jambo la kuchekesha kidogo. Zile jozi 12 zilizo sawa zote zina majina: mkabala (zinazotazamana kwenye makutano mamoja) 4, za nafasi moja (kona ile ile kwenye makutano yote mawili) 4, mbadala za ndani (kati ya mistari sambamba, pande tofauti za mkatizo) 2, mbadala za nje (nje ya mistari hiyo, pande tofauti za mkatizo) 2. Lakini kati ya jozi 16 zinazofikisha 180, majirani wa mstari mnyoofu ni 8, za ndani upande mmoja 2, za nje upande mmoja 2, na zinabaki 4 ambazo orodha za darasani hazizitaji. Mfano ni pembe ya juu kushoto kwenye makutano ya juu, pamoja na ya juu kulia kwenye makutano ya chini. Mtoto wa orodha akikutana na jozi hiyo anakwama, anatafuta jina ambalo hakufundishwa. Mtoto wa ukubwa mbili haoni hata kwamba kuna tatizo.

Majina yaje sasa, kama anwani. Yanafaa wakati wa kumweleza mwenzako unazungumzia jozi gani, na wakati wa kuandika sababu kwenye hatua za jibu. Kwa Tanzania kuna sababu nyingine ya kutoyaegemea sana. Mtoto akimaliza shule ya msingi ya Kiswahili na kuingia kidato cha kwanza, anaikuta mada hii hii kwa Kiingereza, na kila jina alilolikariri limebadilika. Kama alichobeba ni majina tu, anaanza upya.

Michoro ile ile ichorwe imesimama, imeinama, imepinduka. Mtoto aliyeona mistari sambamba ikiwa imelala tu hufikiri kulala ni sehemu ya usambamba. Njia rahisi kuliko kuchora upya ni kuwaambia wazungushe madaftari. Grili ya dirisha nayo inafaa, hasa ile yenye nondo zilizosimama sambamba na moja iliyochomelewa mshazari: mkatizo uleule, mistari mingi, ukubwa bado mbili.

Pale usambamba unapokosekana

Walimu wengi hufundisha kwa herufi: tafuta Z, pembe za ndani ya Z ni sawa, tafuta F kwa za nafasi moja, tafuta C kwa za ndani upande mmoja. Sizipingi moja kwa moja, zinasaidia jicho. Ila Z inaonekana hata pale mistari isipokuwa sambamba, na herufi haimwambii mtoto kwamba kuna sharti. Atakuandikia "mbadala ni sawa" juu ya mistari miwili inayoelekea kugongana.

Kwa hiyo sharti lifundishwe kwa kulivunja. Chora mistari miwili ambayo nusura iwe sambamba, ikatize, na uandike kwamba pembe mbadala za ndani ni 70 na 62. Je, zimekosewa? Hapana. Mistari hiyo si sambamba, basi. Irefushe kwa rula na itakutana, na pale inapokutana itafanya pembe ya nyuzi 8, ile tofauti ya 70 na 62. Upande itakapokutania unajulikana mapema pia: upande wa kwanza pembe za ndani ni 70 na 118, jumla 188, upande wa pili ni 110 na 62, jumla 172. Itakutana upande wa 172, ule uliopungukiwa. Euclid aliliweka jambo hili kama dai la tano kati ya yale aliyoomba yakubaliwe bila uthibitisho, na wataalamu wakahangaika nalo kwa zaidi ya miaka 2,000.

Baada ya zoezi hilo, mfundishe mtoto kutafuta kwanza vile vimshale vidogo vinavyochorwa juu ya mistari kuonyesha usambamba, au maneno ya swali yanayosema hivyo. Vikikosekana, ana makutano mawili yasiyohusiana, yenye ukubwa nne.

Msumeno na ngazi

Mwaka 1957 katika Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, mume na mke waliokuwa walimu wa hisabati, Pierre van Hiele na Dina van Hiele-Geldof, waliwasilisha tasnifu zao za udaktari kuhusu kwa nini wanafunzi hushindwa jiometri. Wazo lao lililosambaa duniani ni la ngazi za kufikiri. Kwanza mtoto anatambua umbo kwa sura yake nzima. Kisha anaona sifa zake. Kisha anaona sifa moja inavyoleta nyingine. Uthibitisho kamili unakuja baadaye. Mwalimu anayesema kutoka ngazi ya tatu na mwanafunzi anayesikia kutoka ya kwanza wanatumia maneno yale yale bila kuelewana. Mwalimu akisema "kwa sababu ni sambamba" anatoa hoja, na mtoto anasikia "kwa sababu inafanana na ule mchoro".

Tasnifu ya Dina ilihusu ufundishaji wenyewe, kwa wanafunzi wa umri wa miaka 12 hivi wanaoanza sekondari, na sehemu ya kazi yake ilikuwa kupanga vigae. Darasani kwetu maboksi ya katoni yanatosha. Kata pembetatu moja isiyo na pande sawa, itumie kama kiolezo, kila kikundi kikate kama 20 zinazofanana nayo. Pakeni rangi pembe zake tatu, nyekundu, bluu na kijani, kila kipande vilevile. Kisha wazipange sakafuni bila kuacha nafasi na bila kugeuza kipande chali, kukizungusha kunaruhusiwa.

Zinakaa. Pembetatu yoyote uliyoanza nayo, hata iwe mbaya kiasi gani, hujaza sakafu. Na ukitazama kazi iliyomalizika unaona mistari sambamba imejitokeza yenyewe kwa njia tatu. Kati ya mistari miwili sambamba kuna mkunjo unaopanda na kushuka kama meno ya msumeno, na pembe za meno zina rangi moja: hizo ndizo mbadala. Ukifuata mstari mrefu unaokatizwa na mistari sambamba unaona kama ngazi, na kila kipago kimekaa kwa rangi ile ile: hizo ndizo za nafasi moja. Msumeno na ngazi ni maneno ya akina van Hiele wenyewe, nami nayapendelea kuliko Z na F kwa sababu msumeno una meno mengi na ngazi ina vipago vingi. Jicho linaona kitu kinachojirudia, na kujirudia huko ndiko usambamba.

Kisha waambie waangalie nukta moja ambapo vipande vinakutana. Vinakutana vipande sita. Rangi ni nyekundu, bluu, kijani, nyekundu, bluu, kijani. Mzunguko mzima ni 360, kila rangi iko mara mbili, basi nyekundu moja, bluu moja na kijani moja ni 180. Kanuni ya pembetatu imetoka sakafuni kabla mwalimu hajaitaja.

Hii ni bora kuliko kile kitendo maarufu cha kuchana pembe tatu za karatasi na kuzibandika kwenye mstari. Kuchana si vibaya, kunashawishi. Lakini kunaonyesha pembetatu hiyo moja, na karatasi iliyochanika vibaya inaweza kukupa kitu cha kati ya 175 na 185. Kupima kwa kipimapembe ni vivyo hivyo: kikundi kimoja kitapata 178, kingine 183, na mwalimu akisema "jibu ni 180" watoto wanajifunza kwamba kupima ni mchezo na ukweli unatoka kwenye kitabu. Afadhali andika majibu yote ubaoni, wayaone yanavyozunguka 180, halafu uliza tutajuaje kwa hakika.

Hakika inapatikana kwa mstari mmoja wa ziada. Chora pembetatu, na kwenye ncha yake ya juu pitisha mstari ulio sambamba na kitako. Pembe ya kushoto ya kitako ina mbadala wake pale juu, ya kulia vilevile, na katikati kuna pembe ya juu yenyewe. Zote tatu sasa ziko kwenye mstari mmoja mnyoofu. Kugeuka na usambamba, basi. Pembe ya nje nayo haihitaji kukaririwa: ukirefusha kitako, pembe ya nje na jirani yake ni 180, na jirani yake pamoja na zile mbili za mbali pia ni 180. Ni hoja ile ile ya pembe mkabala, imevaa nguo nyingine. Maumbo ya pande nyingi ni kuyakata tu kuwa pembetatu, sina la kuongeza.

Ukiwa na mtoto msumbufu anayeuliza kama ni kweli kila mahali, mjibu kwamba ni kweli kwenye kitu bapa. Juu ya tufe haiwi. Toka Ncha ya Kaskazini ushuke mpaka Nanyuki kwenye ikweta, ufuate ikweta kuelekea magharibi mpaka mji wa Macapá nchini Brazil, kisha urudi nchani. Umefanya pembetatu yenye pembe mraba mbili kwenye ikweta na pembe ya karibu nyuzi 88 kwenye ncha.

Tafuta thamani ya x

Maswali ya mtihani hupenda kuvaa aljebra, na hapa kosa hubadilika sura. Mchoro una pembe mbili zilizoandikwa 3x + 10 na 2x + 20. Mtoto anaona alama ya x, mkono unakimbilia kutatua kabla jicho halijauliza lolote.

Mpe maneno hayo hayo kwenye michoro miwili. Kwa kwanza ni pembe mbadala kati ya mistari sambamba: 3x + 10 = 2x + 20, x ni 10, kila pembe ni 40. Kwa pili ni za ndani upande mmoja: jumla ni 180, yaani 5x + 30 = 180, x ni 30, pembe ni 100 na 80. Aljebra ile ile, majibu tofauti, na kilichoamua ni swali moja lililopaswa kuulizwa kabla ya kushika kalamu: hizi mbili ni sawa au zinajazana? Ningedai kila mtoto aandike neno hilo moja, "sawa" au "180", pembeni mwa mchoro kabla ya mlinganyo, na ningetoa alama kwa neno hilo hata kama hesabu ya chini imeharibika. Kisha arudishe thamani ya x kwenye pembe. Mara nyingi jibu linaachwa kwenye x = 30 na hakuna anayegundua kama pembe iliyopatikana ni ya kuchekesha.

Pembe mbadala za dunia

Kama ningeruhusiwa mfano mmoja tu wa kumaliza nao mada, ningechukua wa Misri. Eratosthenes, mkuu wa maktaba ya Aleksandria katika karne ya 3 kabla ya Kristo, alijua kwamba katika mji wa Syene, Aswan ya leo, kuna siku moja ya mwaka ambayo mchana jua huwa utosini kabisa na vitu havina kivuli. Siku hiyo hiyo huko Aleksandria kivuli kilikuwepo, na pembe yake ilikuwa sehemu moja kwa 50 ya mzunguko, yaani nyuzi 7.2. Miali ya jua inafika sambamba, na ule wa Syene ukiendelezwa unafika kitovu cha dunia. Mstari unaoshuka kutoka kijiti cha Aleksandria mpaka kitovu cha dunia unaikatiza. Pembe ya kivuli na pembe ya kitovuni ni mbadala, basi ni sawa, na umbali kati ya miji hiyo ni sehemu moja kwa 50 ya mzingo wa dunia. Yeye aliuchukua umbali kuwa stadia 5,000 (stadia ni kipimo cha umbali cha Wagiriki), akapata 250,000.

Sisi tuna nafasi nzuri kuliko yeye, kwa sababu ikweta iko mlangoni. Tarehe 20 au 21 Machi jua huwa juu ya ikweta. Kijiti cha mita 1 kilichosimamishwa wima Kisumu karibu hakitakuwa na kivuli jua likifika kileleni. Mwanza kivuli kitakuwa sentimita 4 hivi, Dar es Salaam 12, Mbeya 16, Songea 19, vyote vikielekea kusini. Shule ya Kisumu na shule ya Songea zikipigiana simu, miji hiyo karibu iko kwenye mstari mmoja wa kaskazini na kusini, zitapata tofauti ya nyuzi 10.6 hivi. Umbali wa kutoka kaskazini kwenda kusini ni kama kilomita 1,170. Gawa 360 kwa 10.6, zidisha kwa 1,170, na darasa limepata dunia yenye mzingo wa karibu kilomita 39,700. Mzingo halisi kupitia nchani ni 40,000 na kidogo.

Wakati wa kupima si saa sita kamili. Saa ya Afrika Mashariki imewekwa kufuata longitudo ya 45 mashariki, nasi wengi tuko magharibi ya hapo, kwa hiyo mwezi Machi jua hufika kileleni Dar es Salaam karibu saa sita na nusu, na Songea karibu saa saba kasorobo. Adhuhuri huingia jua linapoanza tu kupinduka, kwa hiyo ratiba ya msikiti wa jirani itakupa wakati huo vizuri kuliko saa ya ukutani. Au anzeni mapema, mtie alama ncha ya kivuli kila dakika tano, mchague kilicho kifupi kuliko vyote.

Mtoto atauliza kama miali ni sambamba kweli, maana jua ni moja na inatoka huko. Jua liko umbali wa kilomita milioni 150 hivi. Miali inayokwenda Kisumu na Songea kutoka nukta moja ya jua inatofautiana kwa chini ya sehemu moja ya elfu ya uzi mmoja. Kinachosumbua zaidi ni upana wa jua lenyewe, karibu nusu uzi, unaofanya ukingo wa kivuli uwe na ukungu. Kwa kijiti cha mita 1 ukungu huo una upana wa milimita 9 hivi, kwa hiyo wapime mpaka katikati yake, na shule zote mbili zikubaliane hilo kwa simu kabla ya siku yenyewe.